WANAHESABU KILOMITA, NANI AMEHESABU STEI?

NDUGU msomaji, leo ukishuka kwenye daladala pale Simu 2000, Dar es Salaam, kabla hujagombania gari lingine, inua kichwa uangalie juu. Utaona nguzo imebeba furushi la nyaya nyeusi, nyingine zimelegea hadi utingo wa lori anazisogeza kwa mti ili gari lipite. Na jina la kituo chenyewe je? Simu 2000 ni jina la kampuni ya serikali iliyopewa mali za simu zilizoachwa nje wakati TTCL inabinafsishwa. Kila siku unakanyaga mabaki ya shamba la baba yako, wewe unawaza nauli tu.

Nimeanzia mjini makusudi, kwa sababu nataka twende wote mlimani, kwetu Upareni. Panda nami hadi Ngujini, wilaya ya Mwanga. Ukitoka kwenye lami ya bondeni unaanza kupanda, kona baada ya kona. Mwanasiasa akifika huko na kipaza sauti anasema kitu kimoja: mkongo unakuja, mawasiliano yanakuja, kilomita kadhaa zimetengewa fedha. Wananchi wanapiga makofi. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: hizo kilomita zitaning'inia wapi?

Msicheke. Swali hili ni la fedha, na ni fedha zenu.

Waya wa simu hauelei hewani kama ahadi. Unashikwa na nguzo, na nguzo inashikwa na vitu ambavyo mkubwa hajawahi kuvitaja jukwaani: mkono wa chuma uliofungwa kwa bolti, kibano kinachouma ule waya wa chuma unaobeba kebo, na stei. Stei, kwa usiyeijua, ni ule waya wa chuma unaoshuka kwa mshazari kutoka kichwa cha nguzo hadi ardhini, ambako umefungwa kwenye nanga iliyofukiwa. Watoto wanauchezea, mbuzi wanafungwa hapo, mlevi anajikwaa hapo usiku. Kumbe ndio unaoshika mawasiliano ya kata nzima.

Hesabu yake mtu wa kidato cha nne anaiweza, maana mimi naiweza. Chukua kebo yenye uzito wa gramu 200 kwa mita. Nguzo hadi nguzo iwe mita 50, na katikati waya uachwe ulegee nusu mita. Kebo hiyo inavuta kila nguzo kwa nguvu ya kilo 125. Fundi asiyejua akiona umelegea akaukaza hadi robo mita, mvuto unafika kilo 250! Ndiyo maana fundi wa kweli anaacha waya ulegee kidogo, hasa akiufunga mchana wa jua kali, kwa kuwa usiku wa baridi ya mlimani chuma kinajivuta.

Sasa, kwenye tambarare, pale Same au Lembeni, nguzo ya katikati inavutwa kulia na kushoto sawasawa, basi inasimama kwa amani. Wajerumani walipojenga reli ya Tanga hadi Moshi, iliyofika Moshi mwaka 1911, waya wa simu ulipata njia iliyonyooka kando ya reli. Bonde ni rahisi. Mlima ndio kesi. Laini ikikata kona ya nyuzi 60, ile nguzo ya kwenye kona inavutwa kwa ndani kilo 125, usiku na mchana, masika na kiangazi. Ni kama watu wawili wananing'inia kwenye kichwa chake upande mmoja na hawashuki. Kinachowajibu watu hao wawili ni stei peke yake. Ikikatika, nguzo inaanza kuinama kama mzee anayetafuta fimbo.

Njia ya mlimani ni kona tupu. Kilomita 10 zenye nguzo kila mita 50 ni nguzo 200 hivi. Hata tukisema nusu tu ziko kwenye kona, unahitaji stei 100 na nanga 100, na mashimo 100 ya nanga juu ya yale 200 ya nguzo, mengine kwenye mwamba. Mkubwa anayetaja kilomita 10 bila kutaja stei 100 anadanganya, au hajui anachokinunua. Chagua wewe lipi ni baya zaidi.

Nimeshika sururu mimi. Nilipomaliza shule nilikaa kijiweni, kisha nikaenda kuchimba mashimo ya nguzo kwa mkandarasi mmoja katika wilaya moja ya kaskazini. Kwa kanuni ya mafundi, nguzo inazikwa kiasi cha moja ya sita ya urefu wake. Nguzo ya mita 9 inataka shimo la mita moja na nusu. Tulilipwa kwa shimo. Hapo ndipo penye ugonjwa. Anayekutana na mwamba futi tatu chini analipwa sawa na aliyepata udongo laini, basi msimamizi anapita, anachungulia, anasema "inatosha, simamisheni." Futi kanda? Iko mfukoni mwake. Nguzo ikishafukiwa nani atajua? Picha inapigwa, cheti cha kazi kinasainiwa, mkandarasi analipwa. Sisi tulilipwa nusu, nusu nyingine hadi leo ni hadithi.

Mvua ya kwanza ikinyesha udongo unalainika, nguzo inalala. Gazeti linaandikiwa taarifa: "mvua kubwa zimeharibu miundombinu." Mvua! Mvua imesingiziwa mambo mengi katika nchi hii. Hatukatai kwamba milima yetu inateleza. Novemba 2009 maporomoko ya ardhi kule Mamba Miamba, wilaya ya Same, yaliua watu zaidi ya 20, na hilo si la mzaha. Lakini ndiyo sababu ya kuchimba kwa kina na kuchagua pa kusimamisha nguzo. Wazee wetu walichimba ndiva na mifereji kwenye miteremko hiyo hiyo bila injinia wa shahada, wakijua maji yatapita wapi na udongo utashika wapi. Waulizwe! Wamekaa pale pale kijijini.

Turudi kwenye nani ana deni. Vijana wengi mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nitaisema pole pole. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, simu zikabaki mikononi mwa Shirika la Posta na Simu. Mwaka 1994 simu zikatengwa, TTCL ikaanza. Februari 2001 serikali ya chama kile kile ikauza asilimia 35 ya TTCL kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei ilikuwa dola milioni 120. Wakalipa milioni 60. Nusu ya pili ikageuka mzozo wa vitabu vya hesabu: hesabu zinasema hivi, hapana zinasema vile. Wakati huo simu za waya nchi nzima hazikufika laki mbili.

Ndani ya nyumba hiyo ikazaliwa Celtel, simu ya mkononi. Mwaka 2005 ikatenganishwa na TTCL. Mtoto akaondoka na ng'ombe wa maziwa, mama akabaki na nguzo. Mwaka 2007 wakaletwa SaskTel wa Kanada waendeshe shirika; mwaka 2009 wakafunga mizigo. Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Zile asilimia 35 zilikuwa zinatembea tu na matajiri wake, hadi mwaka 2016 serikali ilipozinunua tena kutoka kwa Bharti Airtel kwa karibu shilingi bilioni 15. Mwaka 2018 TTCL ikawa shirika la umma, kwa sheria ya mwaka 2017.

Tuuze, tugombane, tununue tena. Sawa. Sasa mimi nauliza swali la Kipare. Mnatutania kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Basi leo kuku wangu ni nguzo. Tuliponunua zile hisa mwaka 2016, tulinunua nguzo ngapi? Ziko wapi? Ngapi zimesimama, ngapi zimeoza kwenye kitako, ngapi zina stei na ngapi stei yake imekuwa kamba ya kuanikia nguo? Mwenye duka la sabuni mtaani akirudishiwa duka lake anahesabu hadi vipande vilivyokatwa nusu. Taifa linarudishiwa mtandao wa simu linapeana mikono mbele ya kamera!

Najua utakachosema, wewe uliyeegemea kibanda cha chipsi na simu mkononi. "Mwandishi, umelala. Siku hizi ni minara, nani ana haja na waya?" Subiri kidogo. Mnara hauoni nyuma ya mlima. Jirani aliye kwenye mgongo wa kilima anaperuzi, aliye kwenye korongo mita mia chini yake anapanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Na mnara wenyewe unapeleka wapi maneno yako? Ama unarusha kwa mawimbi hadi mnara mwingine, ama unamwaga kwenye waya wa kioo, ule mkongo. Ndiyo maana serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa mwaka 2009, na sehemu yake imepitishwa juu ya njia kubwa za umeme za TANESCO. Shule, zahanati na ofisi ya kata zikitaka intaneti isiyokatika na isiyokula bando la mwalimu, jibu ni waya. Waya unataka nguzo. Tumerudi pale pale!

Tena waya wa kioo una baraka moja: hauna shaba ndani. Ile shaba ya zamani iliibwa, ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vijana wengi wamesota rumande kwa ajili yake. Siwatetei, anayekata waya wa zahanati anakata pumzi ya mama mjamzito. Nauliza tu kwa nini kijana wa kilo mbili za shaba ana jalada polisi, na aliyesaini kupokea laini yenye mashimo ya futi tatu ana gari la ofisi. Kioo hakina soko kwa mwizi, lakini stei na vibano ni chuma, vina soko. Kwa hiyo hata mkongo utalala chini kama vitu hivi havihesabiwi na havina wa kuvilinda.

Wengine wanasema tupunguze gharama, tutundike mkongo kwenye nguzo za umeme zinazopanda mlima tayari. Naunga mkono, na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inaruhusu watoa huduma kutumia miundombinu kwa pamoja. Lakini nguzo ile ilipigiwa hesabu ya nyaya zake yenyewe. Ukiiongezea kilo 125 za kebo kwenye kona, unadaiwa stei nyingine, na kebo ikae chini ya umeme kwa umbali wa usalama, lakini isiwe chini kiasi cha kukwanguliwa na lori la mbao. Angalia tena furushi lile la Simu 2000 uone tunavyofanya tukijiona tumebana matumizi. Mjini waya ukidondoka unapitishwa pembeni kwa mti. Mlimani ukidondoka kata nzima inanyamaza, na fundi yuko bondeni anasubiri mafuta ya gari.

Halafu watakuja na wimbo wa msaragambo. Wananchi wajitolee, wachimbe. Watu wa Upareni hawajawahi kukataa msaragambo. Barabara, shule na mifereji vimechimbwa hivyo. Ila msaragambo ni wa mali yetu. Kama fedha za mashimo zimo kwenye mkataba wa mkandarasi, kijiji kikichimba bure, fedha za shimo zinakwenda kwa nani? Mkataba ubandikwe ukutani ofisi ya kijiji, tusome wenyewe.

Na wewe uliyeko Ilala, Sinza au Arusha mjini, ambaye mama yako yuko Ngujini, Usangi au Mamba, una kazi hapa. Ukienda nyumbani Desemba usibebe sukari na kanga peke yake. Beba futi kanda. Tembea na laini, iwe ya simu au ya mkongo, hesabu nguzo, hesabu kona, hesabu stei. Iliyokatika iandike, nguzo iliyoinama iandike na jina la kitongoji. Peleka karatasi kwa diwani wako kabla ya kikao cha baraza la madiwani, nakala uiache kwa mtendaji wa kata, akugongee muhuri wa kupokea. Atakuuliza umetumwa na nani. Mwambie umetumwa na namba. Kisha amwombe mkurugenzi wa halmashauri alete daftari lao la nguzo za Mwanga, tulilinganishe na letu mstari kwa mstari, mbele ya watu.

Kama wana daftari.