Salfa inapita kila siku, raia hawaambiwi kitu

Kwenye barabara ya Kasumbalesa, Lubumbashi hadi Kolwezi, malori yanabeba salfa, ile ya rangi ya manjano, kuipeleka kwenye viwanda vya migodi vinavyotengeneza asidi. Ikishika moto, moto wake ni wa buluu na mchana hauonekani vizuri. Moshi wake unaziba pumzi, ni mzito kuliko hewa, na unashuka mabondeni. Familia iliyokimbia vita na kujenga kibanda cha turubai kando ya barabara haina hata mlango wa kufunga.

Mwezi wa pili 2019 lori la asidi lilipata ajali kwenye barabara hiyo, watu zaidi ya 10 wakafa. Je, tangu hapo nani alifundisha vijiji?

Kampuni inayolipia mzigo ilipie pia mafunzo, vifaa vya kuzima moto na barakoa. Serikali isingoje maiti ndipo itume ujumbe.

Wakaaji nao washike haya: lori likianguka, tusikimbilie kuokota. Kibao chenye namba 1350 maana yake ni salfa. Tupande juu, upepo ukitoka mgongoni kuelekea kwenye moto. Maji ya kuzimia yanyunyizwe polepole. Yakirushwa kwa nguvu, vumbi linaweza kulipuka.