Muji muzuri wa Marekani ni ule ambao mutumishi iko na sauti

Tangu miaka mingi, kila mara lotri ya viza inapotoa majina, swali moja linatembea Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: "Njo muji gani uko muzuri kule Marekani?" Hata Washington ikifunga mulango, swali haliishi, kwa sababu wandugu zetu ambao wako kule tayari wanahamahama na wanapiga simu nyumbani kuomba mawazo. Mumoja anasema Dallas, juu hakuna baridi ya kuua. Mwengine anasema New York, juu ya magorofa. Mwengine tena anasema: "Tuende kwenye kuko bantu ba kwetu." Majibu hayo yako na maana yake, lakini hakuna hata moja linaloulizia kazi. Na mutu anayetoka hapa na valizi mbili anaenda kule kufanya nini, kama si kutumika?

Wamarekani wenyewe wanapanga miji yao kila mwaka, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. U.S. News & World Report iliweka mbele Green Bay ya Wisconsin mwaka 2023, Naples ya Florida mwaka 2024, na Johns Creek ya Georgia mwaka 2025. Naples iko kando ya bahari, na wazee wengi wenye kustaafu wanaenda kule na franga zao. Nyumba inauzwa mamia ya maelfu ya dola. Orodha ile haidanganyi, lakini inajibu swali la mutu ambaye tayari iko na franga. Swali letu sisi ni lingine.

Mimi ni mutu wa sindika ya mine. Kazi yetu ni kusoma kontra mpaka chini mbele ya mutu kutia saini. Basi na muji tuusome vile vile. Mimi ninauliza maswali manne.

La kwanza ni mushahara wa chini, na kile kinachobaki baada ya kulipa nyumba. Serikali ya Washington iliweka dola 7.25 kwa saa mwezi wa saba 2009, na haijapandisha tena. Kila jimbo linaweza kuongeza kama linataka. Texas, Iowa na Kentucky, kwenye Wakongomani wengi wanaishi, zilibakia pale pale. Tufanye hesabu: masaa 40 kwa juma, majuma 52, tugawanye kwa miezi 12. Inatoka dola 1,256 kwa mwezi, mbele ya kukata kodi. Illinois, kwenye sheria inasema dola 15 tangu tarehe 1 Januari 2025, masaa yale yale yanatoa dola 2,600. Inchi ni moja, bendera ni moja, mikono ni ile ile.

Kuko watu watasema: "Lakini Texas madepo mengi yanalipa kupita 7.25." Ni kweli, la sivyo hawangepata watu. Lakini kile mukubwa wa kampani anatoa kwa kupenda, anaweza kukikata kwa kupenda. Kile sheria inasema, hawezi kukigusa. Na upande mwengine, mushahara mukubwa nao unadanganya: Seattle ilipita dola 20 kwa saa mwaka 2025, lakini nyumba ya kupanga kule inameza yote. Usiulize ndugu yako "unalipwa ngapi?" Muulize "unabakia na ngapi?"

Swali la pili ni njia ya kwenda kazini. Houston ni muji mupana sana, na karibu kila mutu anaenda kazi na motokari. Asiye na motokari hawezi kukubali poste ya usiku. Mwenye motokari iko na deni, asiransi, mafuta na matengenezo. Vijana wanatuma picha wamesimama kando ya gari nzuri, na huku nyumbani tunasema amefaulu. Mara nyingi ile gari si utajiri, ni chombo cha kazi, kama nyundo na chapeo. Kuko miji kama Chicago ambako treni mbili, laini nyekundu na laini ya buluu, zinatembea masaa 24 kila siku. Mutu wa poste ya usiku anajua bei ya kitu hicho.

Kwa wale wanaoomba ukimbizi, kuko jambo lingine la kujua. Mwaka 2019, Portland ya jimbo la Maine ilipokea mamia ya watu kutoka Kongo na Angola kwa muda mufupi, na ikawalaza katika uwanja wa michezo uliofunikwa, kwenye vitanda vya kukunja. Wenyeji walionyesha moyo muzuri. Lakini moyo muzuri haujengi nyumba, na muji ule ni mudogo. Tena sheria ya Marekani haimupe muomba ukimbizi karatasi ya kazi mbele ya siku 180 kupita tangu aweke dosiye yake. Miezi sita bila mushahara! Kwa hiyo uliza nani atakulisha wakati ule.

Swali la tatu njo linaniuma zaidi: mukubwa wa kazi anaweza kukufukuza namna gani? Hapa kwetu, Code du travail ya 2002 inaomba motifu ya kweli mbele ya kuvunja kontra isiyo na muda. Tunajua wote vile wanaizunguka sheria ile, lakini iko, na delege wa sindika anaweza kuifungua mezani. Marekani, karibu kila jimbo, mukubwa anaweza kukuambia leo mangaribi "kesho usirudi", bila kutoa motifu yoyote, kama huna sindika wala kontra inayokukinga. Jimbo moja tu liliandika sheria ya kukataa jambo hilo: Montana, mwaka 1987. Na si ajabu. Montana ni inchi ya shaba kama yetu. Katika muji wake wa Butte, mwaka 1893, watu wa mine walianzisha sindika yao kubwa, Western Federation of Miners. Kule kule, tarehe 8 Juni 1917, moto uliua watu 168 ndani ya mine ya Speculator. Ni watu wa shimo waliofundisha jimbo lile kuheshimu mutumishi.

Tuangalie pia majimbo 26 yenye sheria inayoitwa "haki ya kutumika". Jina ni tamu, lakini maana yake ni kwamba mutumishi anaweza kula matunda ya sindika bila kutoa hata franga moja ya mchango. Hivyo sindika inakauka pole pole. Texas na Iowa ziko na sheria ile tangu 1947, Kentucky tangu 2017. Na faida ya sindika inaonekana siku ya hatari. Mwezi wa ine 2020, Covid-19 iliingia katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Waterloo, Iowa. Watumishi zaidi ya 1,000 waliambukizwa, na Wakongomani walikuwa kati yao. Sindika, meya na sheriff walipaza sauti, na kiwanda kikafungwa kwa muda. Mutu mumoja, mugeni, asiyejua Kiingereza, angesema nini peke yake mbele ya mukubwa? Kidole kimoja hakivunje chawa.

Swali la ine: muji unaishi kwa kampani ngapi? Hapa hatuna haja ya kitabu. Gécamines ilipoanguka, mushahara ulianguka, lopitali ikaanguka, masomo yakaanguka, posho ikaisha, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya watumishi 10,000 waliondolewa kwa jina la "départ volontaire". Butte ile ile, ambayo iko na sheria nzuri, ilipatwa na yale yale: carrière yake kubwa ya Berkeley ilifungwa 1982, leo imejaa maji ya sumu. Detroit iliishi kwa magari: mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, mwaka 2020 hawafiki 640,000. Mutoto wa Katanga asiende mbali namna ile kutafuta tena muji wenye mama mumoja tu wa kunyonyesha.

Sasa nitoe jibu langu, maana mwenye kuuliza anangojea jina. Mimi ninasema Chicago. Mushahara wa chini wa muji ule ulifika dola 16.60 mwezi wa saba 2025, juu kupita ule wa jimbo. Treni na bisi ziko. Kazi ni za namna nyingi: lopitali, hoteli, viwanda, uwanja wa ndege. Mwezi wa 11, 2022, raia wa Illinois walipiga kura na kuandika haki ya sindika ndani ya katiba ya jimbo. Na tusisahau: hii 1 Mai tunayotembea nayo na bendera kila mwaka ilizaliwa Chicago, katika mugomo wa mwaka 1886 wa kuomba masaa 8 kwa siku.

Sifiche mabaya yake. Baridi ya kule si mchezo: tarehe 30 Januari 2019 ilishuka mpaka karibu digri 30 chini ya zero. Kodi ya vitu vya soko iko juu. Kuko mitaa ya bunduki, na mugeni mara nyingi anapata nyumba ya bei ndogo karibu na mitaa ile. Na mama mwenye watoto watano atapata kwa urahisi zaidi watu wa kumusaidia Lexington au Dallas, kwenye kuko makanisa ya Kiswahili na sombe sokoni. Simukataze. Aanze pale, apate karatasi, ajifunze Kiingereza. Lakini baada ya mwaka mumoja arudie maswali manne, kwa sababu kanisa linamupokea mutu siku ya kwanza, haliwezi kumukinga mbele ya mukubwa wa kiwanda.

Kwa hiyo, wazazi, mukipigiwa simu na mutoto wenu aliye kule, musimuulize kama muji wake uko na magorofa. Mumuulize anabakia na ngapi, anafika kazini na nini, anaweza kufukuzwa namna gani, na nani anamusemea. Akikosa jibu la lile la mwisho, mumuambie atafute sindika mbele ya kutafuta motokari.