Spika za Milioni 3, Unasikiliza Nini?

Leo nawagusa wenye mziki mnene ndani. Nikikukanyaga, samahani mapema.

Nina mshkaji wangu Makambako, jina nalihifadhi. Ana duka la spea za magari, si mbali na njia panda ya kwenda Mbeya na Songea, na hela anaipata. Wenzake wakishika hela wananunua kiwanja, yeye ananunua mziki. Alianza na sabufa ya kawaida kama sisi wote. Sasa hivi sebuleni ana spika mbili zinazomfika kifuani, amplifaya nzito kinoma, na waya ambazo mpaka leo shemeji hajui bei yake. Jumla imepita shilingi milioni 3.

Nilimtembelea Juni, baridi la kufa mtu. Akanikalisha katikati ya kochi, eti nikisogea sauti inaharibika. Akaweka ngoma. Wadau, nisiwe mnafiki, nilinyamaza. Nilimsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuanza.

Saa nzima ikapita ndipo nikashtuka: hajaweka hata ngoma moja ninayojua anaipenda. Huyu ni mtu wa singeli, tumeicheza wote mpaka jasho. Nikamuuliza, "Kaka, singeli iko wapi?"

"Imerekodiwa vibaya, inaumiza masikio."

"Na bongofleva?"

"Nyingi zimebanwa, kila kitu kiko juu. Ngoma haina pumzi."

Kitaalamu hajakosea sana. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unapiga karibu hezi 41, na spika ya simu haifiki huko hata uilazimishe. Ngoma ikitengenezwa ili ivume kwenye simu na kwenye bajaji, ukiipeleka kwenye mziki wa bei mbaya aibu zake zote zinatoka nje.

Sasa nikamuuliza kuhusu kanda ya bi mkubwa. Mama yake, Mungu amrehemu, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya kule Njombe. Kanda yao tumekua nayo, ikipigwa kwenye redio kaseti kila Jumapili. Aliihamishia kwenye flashi kabla haijakatika.

Akasema, "Ina makelele. Kwenye huu mziki haivumiliki."

Hapo ndipo niliposhindwa. Sauti ya mama yako mzazi haivumiliki?

Msimamo wangu ni huu: siku unapochagua nyimbo kwa sababu zinaipendezesha spika, huna tena ladha yako. Spika ndiyo inakuchagulia. Hausikilizi muziki, unakagua mashine.

Msiniambie nina wivu. Kuna dada mmoja Njombe mjini, fundi cherehani, alinunua hedifoni nzuri za mtumba. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe alikuwa anaziita za wazee. Siku moja akamsikiliza na Morogoro Jazz kwa utulivu, akasikia gitaa la rithimu linavyojibizana na solo, kitu ambacho simu ilikuwa inamficha miaka yote. Mbaraka alifariki 1979, hizo rekodi hazina ujanja wowote wa studio za leo. Mikwaruzo ipo. Lakini dada sasa anamtafuta Marijani Rajab, anaitafuta Mlimani Park, na singeli yake hajaiacha.

Vifaa vizuri vimempa nyimbo zaidi. Mshkaji wangu vimempunguzia. Tofauti yao si bei. Mmoja anawatafuta watu waliomo ndani ya wimbo, mwingine anatafuta makosa.

Kwa hiyo kabla hujanunua waya mwingine, andika nyimbo 10 ulizokuwa unazipenda ukiwa na sabufa ya kawaida. Zipige zote. Ukiona unazionea aibu, usikimbilie kusema nyimbo ni mbovu.

Wakati naondoka nilimwomba aiweke ile kanda mara moja tu, hata kama mimi sipo. Wiki mbili kimya. Juzi usiku akanitumia meseji: "Nimeiweka. Makelele yapo. Nimeirudia mara tatu."

Sijamjibu kitu, nimemwachia.

Haya, wewe ni ngoma gani uliyoiacha baada ya kununua mziki mkubwa? Funguka hapo chini, na usimsingizie jirani.