Shuka Lina Rangi, Uso Hauna

Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, picha ni ileile: vijana watatu wa Kimasai, warefu kama mianzi, shuka jekundu, uso doa jeusi tu. “Dada, wazungu wanataka shuka,” mchoraji akaniambia. Sawa, ana watoto wa kulisha. Ila mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilimtaka Mmasai avue shuka hilohilo avae suruali, ati analiaibisha taifa! Leo linauzwa. Na kijana mwenyewe? Akipita kalivaa kwenye kijiji cha wakulima hapa Kilosa, watu wanakimbilia kuangalia mahindi yao kabla hajasalimia. Nikamwomba mchoraji anichoree mmoja mwenye macho, kavaa jinzi. Akacheka: “Hiyo atanunua nani?” Mimi. Nimeshalipa nusu.