Lemera: maua bila mahakama hayatoshi

Wanganga na wauguzi wa Kivu ya Kusini hawajasahau tarehe 6 Oktoba. Siku hiyo, mwaka 1996, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Lemera, wilayani Uvira, wakaua wagonjwa vitandani pamoja na wauguzi waliobaki kuwatunza. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkuu wa hospitali hiyo, alipona kwa kuwa siku hiyo hakuwepo. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu. Hivyo ndivyo muganga anavyokumbuka wafu wake: anarudi kazini.

Na viongozi wetu? Siku za kumbukumbu wanasoma hotuba, wanaweka maua, wanapanda magari. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2010, iliorodhesha matukio 617 ya mauaji na ukatili nchini. Mahakama ya kuyahukumu iko wapi?

Muganga hafungi kidonda chenye usaha. Anakisafisha kwanza, hata kikiuma. Ninyi wahami wa vita mnajua kuliko wote: muuaji asiyehukumiwa jana ndiye anayefundisha wa leo. Wauguzi wamefanya yao. Serikali ifanye yake.