Kesi ya Ekari Mbili na Mwanasheria Mkuu

Kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo, maharage yakipata mvua ya kawaida huwa tayari baada ya siku 90 hivi. Mkulima wa Makere, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anaweza kupanda, kupalilia, kung'oa, kupura na kupeleka gunia sokoni, na notisi aliyoipeleka serikalini siku ile ya kupanda ikawa ndiyo kwanza inaiva.

Notisi hiyo ni karatasi moja au mbili tu, iliyochapwa kwenye steshenari ya mjini Kasulu: nani anadai, anamdai nani, nini kilitokea, anataka alipwe au arudishiwe nini. Nakala huenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inataka zipite siku 90 kabla kesi haijafunguliwa, ili Serikali ipate muda wa kuchunguza na ikiwezekana kuyamaliza nje ya mahakama. Kwa madai ya mabilioni, ni utaratibu wenye akili. Lakini tuseme mkulima huyu anadai ekari mbili, na anayemdai ni serikali ya kijiji, ambayo mwenyekiti wake anakaa ng'ambo ya kijito na hukutana naye kila gulio.

Kabla ya 2020, ugomvi kama huo ungeweza kusikilizwa na baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mwaka huo Bunge lilifanya marekebisho. Halmashauri, mashirika ya umma na hata halmashauri za vijiji zikaingia kwenye kapu moja na wizara. Anayezishtaki lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu na kufungua shauri Mahakama Kuu. Akimsahau Mwanasheria Mkuu, kesi inaondolewa hata kabla mtu hajauliza mpaka wa shamba uko wapi. Mahakama Kuu ya karibu iko Kigoma mjini, na kwa mtu wa Kibondo hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Nauli, wakili na lojingi vikijumlishwa, ekari mbili zimeshaliwa.

Hoja ya Serikali ina uzito wake. Halmashauri zimewahi kushindwa kesi kwa uzembe wa utetezi, na hasara ikamwangukia mlipa kodi. Hata hivyo, dawa iliyotengenezwa kwa mkandarasi wa mabilioni haifai kumnywesha mtu wa ekari mbili.

Bunge na mahakama vimevutana juu ya mlango huu wa kuishtaki Serikali kwa muda mrefu. Tangu 1974, raia hakuweza kuishtaki Serikali bila idhini ya Serikali hiyohiyo. Mdaiwa ndiye aliyeamua kama adaiwe. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaweka notisi ya siku 90 badala ya idhini. Ikumbukwe pia sheria ya 1992 kuhusu vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni za miaka ya 1970, Kigoma ikiwemo. Sheria ile ilifuta haki za kimila za watu waliohamishwa, ikawanyima fidia na kuwafungia mahakama. Katika kesi ya Lohay Akonaay, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na ikabatilisha vifungu vya kunyima fidia na kuzuia mahakama.

Mkazi wa kambini ana kikwazo cha ziada. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika, na tangu 2015 ikapokea Warundi kwa makumi ya maelfu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayolinda haki ya kusikilizwa, inamtaja mtu yeyote, si raia peke yake. Ila mkimbizi anayedai mali yake iliyochukuliwa na ofisa wa umma hatoki kambini bila kibali, na kibali hicho hutolewa na Serikali anayotaka kuishtaki. Hapo ni kama mwaka 1974 haujaisha.

Halafu kuna kushinda. Hukumu dhidi ya Serikali haikazwi kwa kukamata mali; mshindi hupeleka hati ya mahakama kwa ofisa masuuli na kungoja. Tangu 2020 kinga hiyo inazifunika na halmashauri. Agosti 2019, mkulima wa kigeni aliyekuwa akidai fidia ya mashamba yake ya Tanzania alifanikiwa kuizuia ndege ya Air Tanzania huko Johannesburg, ingawa mahakama iliiachia mwanzoni mwa Septemba. Mkulima wa Makere hawezi kukamata hata benchi la mapokezi la halmashauri.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Marekani nako, zamani, waliokuwa wakiidai Serikali walipeleka maombi yao moja moja bungeni, na Bunge la huko likatunga sheria za mtu mmoja mmoja hadi likaelemewa. Mwaka 1855 likaanzisha mahakama ya madai dhidi ya Serikali, na 1946 likafungua mahakama za kawaida kwa wengi waliodhurika kwa uzembe wa watumishi wa umma.

Wabunge wa Dodoma hawana haja ya kutunga sheria kwa jina la mtu. Wazitoe halmashauri za vijiji kwenye kapu la 2020, madai madogo yarudi Kasulu na Kibondo, na mkimbizi mwenye wito wa mahakama aruhusiwe kusafiri kwa wito huohuo. Waweke na ukomo wa kulipa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hufika bungeni kila Aprili. Iandamane na orodha ya hukumu ambazo hazijalipwa, halmashauri kwa halmashauri, na tarehe ya kila hukumu. Jina la Kasulu likionekana humo miaka mitatu mfululizo kwa deni lilelile, mbunge wake atakuwa na swali la kumuuliza waziri.