Mto Sondu na Lugha ya Wanaouamulia

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji wa Sondu, mgeni alikuja na mashine, na swali la iwapo mwenyeji amepona halijajibiwa kwa lugha ambayo mwenyeji mwenyewe angeielewa.

Msafiri atokaye Ahero kuelekea Kisii hupita Sondu, mji mdogo uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, hatua chache tu kutoka Homa Bay. Siku ya soko, mama wa Kabondo huleta viazi vitamu, mkulima wa Sigowet akaleta mananasi na maziwa, mchuuzi wa Nyakach akaleta samaki, na Mkisii akashusha ndizi kutoka kwenye gari. Wote hawa hupatana bei kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe si cha vitabuni. Kimejaa maneno ya Dholuo na ya Kikipsigis, na upatanisho wake wa ngeli ungemtoa mwalimu jasho. Hata hivyo, ndicho kinachofanya soko liwe soko. Panapokosekana lugha hiyo ya katikati, uvumi huchukua nafasi yake, na Sondu inaijua vyema gharama ya uvumi: mwaka 2023 mapigano yalizuka katika mpaka huohuo, watu wakauawa na nyumba zikachomwa.

Chini ya daraja unapita mto. Maji yake hutoka katika msitu wa Mau, yakakusanywa na vijito vya nchi ya Wakipsigis, kisha yakateremka kwa kasi kupitia Nyakach hadi Ziwa Viktoria. Juu unaitwa Sondu, chini unaitwa Miriu, na wataalamu wa mipango, kwa kutotaka kumuudhi yeyote, wakauita Sondu-Miriu. Jina hilo la kuungwa ndilo lililoandikwa katika mikataba.

Mkopo wa kwanza wa mradi wa umeme kutoka Japani ulitiwa saini mwaka 1997, na ujenzi ukaanza mwaka 1999. Mradi haukuwa wa bwawa kubwa. Mto ulizuiwa kwa ukingo mfupi, maji yakaingizwa katika handaki la urefu wa kilomita 6.2 lililochimbwa ndani ya vilima, yakaangushwa kwenye mitambo iliyo bondeni, kisha yakarudishwa mtoni. Palizuka malalamiko mengi: vumbi, ajira, fidia ya ardhi, na hatima ya wanaotegemea maji kati ya mahali yanapochepushwa na mahali yanaporudishwa. Januari 2001 mkutano wa wadau ulizaa kamati ya kiufundi iliyowaleta pamoja wakazi, mashirika ya kiraia na kampuni ya KenGen. Mjadala ulivuka bahari hadi katika bunge la Japani mwaka huohuo, na mkopo wa awamu ya pili ukacheleweshwa hadi mwaka 2004. Hatimaye kituo cha megawati 60 kilizinduliwa mwaka 2008. Miaka minne baadaye kituo cha Sang'oro kikaongeza megawati 21 kwa kutumia maji yaleyale kabla hayajarudi mtoni.

Ni lazima isemwe bila kigugumizi kwamba umeme huo una manufaa. Nchi iliyozoea kuchoma mafuta mazito kila mvua inapokosekana haiwezi kuudharau mtambo unaoendeshwa na mto bila kuzamisha bonde zima. Anayedai handaki lifukiwe hasemi jambo la kusikilizwa. Linalostahili kujadiliwa ni lile lililokuwa katikati ya mahali maji yanapochukuliwa na mahali yanaporudishwa.

Katikati hapo pana maporomoko ya Odino. Kwa watu wa Nyakach, Odino ilikuwa mahali pa heshima na matambiko kabla mhandisi yeyote hajaipimia urefu. Maji yalipoingizwa handakini, yaliyobaki kuteremka Odino yakawa kile kiasi kinachoruhusiwa kupita. Katika lugha ya mradi, kiasi hicho huhesabiwa kwa mita za ujazo kwa sekunde, na hesabu hiyo huulizwa swali moja tu: je, viumbe vya mtoni vinaweza kuishi? Ni swali la haki, hasa ikikumbukwa kwamba mito kama huu ndiyo njia ya samaki aitwaye ningu, ambaye hupanda kutoka ziwani wakati wa mvua ili kutaga mayai, na ambaye idadi yake ilikuwa imeporomoka tangu miongo ya katikati ya karne iliyopita kwa sababu ya nyavu. Lakini ngurumo ya maporomoko haina kipimo katika jedwali la mhandisi. Mzee aliyekuwa akisikia Odino ikinguruma usiku, kisha akaisikia imenyamaza, alipoteza kitu ambacho mkataba haukuwa na neno la kukiita.

Na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika, wapende wasipende. Tuchukue mifano miwili ya turathi zilizopata bahati njema. Thimlich Ohinga, yale maboma ya mawe yaliyoko Migori, yalitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Makaya ya Wamijikenda yaliingia katika orodha hiyo mwaka 2008, mwaka uleule kituo cha Sondu kilipozinduliwa. Makaya ni misitu, na msitu pia ungeweza kuhesabiwa kwa ekari na mbao basi. Kilichoyaokoa, pamoja na ukaidi wa wazee wenyewe, ni kwamba watu waliketi na wazee hao, wakayaandika majina ya mahali, miiko, njia na sababu za miiko, hata ofisi ya serikali ikawa na karatasi ya kushika mkononi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 hulinda kile kilichotangazwa, na hakitangazwi kisichoandikwa. Odino ilikuwa na masimulizi, ila masimulizi hayo yalibaki vinywani, na vinywa huzeeka.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta matumaini mapya. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na inaipa serikali jukumu la kukuza matumizi ya lugha za kiasili. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katika pumzi hiyohiyo inataja nafasi ya sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimapokeo, pamoja na ile ya haki ya kupata habari. Kwa maandishi, basi, mkazi wa Nyakach ana ngao tele.

Tatizo ni kwamba ngao zimeandikwa kwa lugha asiyoishika. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinataka mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano ya hadhara ifanywe. Hilo ni jema. Lakini tangazo huishia kumwarifu mwananchi kuwa ipo ripoti. Ripoti yenyewe, yenye mamia ya kurasa, humsubiri ofisini ikiwa katika Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata mwalimu wa Kiingereza wa shule ya upili angekisoma kwa kamusi. Mkutanoni hufika afisa, akasoma muhtasari kwa Kiingereza, mkalimani aliyeteuliwa papo hapo akautafsiri anavyojua, na orodha ya waliohudhuria ikatiwa saini. Sahihi hizo huja kuitwa ushirikishwaji wa umma.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Pingamizi hilo limechakaa. Handaki, mtambo, ukingo, mkondo, uchepushaji, fidia, mita za ujazo: yote hayo yamo, na ndiyo yaliyotumika katika makala haya bila kumsumbua msomaji. Istilahi zinazopungua ni chache, na hazitazaliwa kwa kusubiriwa. Pingamizi zito zaidi ni lile linalotolewa na wapenzi wa lugha za kiasili: kwamba Kiswahili nacho ni mgeni Nyakach, na kwamba kuitafsiri ripoti kwa Kiswahili ni kumbadilishia mzee mkalimani tu. Hoja hiyo ina ukweli. Matambiko ya Odino hayawezi kuelezwa ipasavyo isipokuwa kwa Dholuo, na vijito vya juu vina majina ambayo maana yake imo katika Kikipsigis. Ila mto ni mmoja. Mkipsigis akikata miti kilimani, Mjaluo ndiye anayeona tope. Na wawili hao wakitaka kuzungumzia tope hilo, lugha waliyonayo pamoja ni ileile ya sokoni. Kiswahili hakiombwi kimeze lugha hizo mbili. Kinaombwa kiwe ukumbi wa kukutania.

Teknolojia nayo imepunguza visingizio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walishirikiana kukusanya hazina ya lugha iitwayo Kencorpus, yenye Kiswahili, Dholuo na Kiluhya: maneno milioni 5.6 ya maandishi, saa 177 za sauti, na sentensi 13,400 za Dholuo na Kiluhya zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Inafaa kutazama mwelekeo wa tafsiri hizo: zilikwenda Kiswahili, wala hazikulazimika kupitia Kiingereza. Juni 2024 kampuni ya Google iliongeza lugha 110 katika programu yake ya kutafsiri, Dholuo ikiwemo. Machi 2025 serikali ikazindua mkakati wa taifa wa akili mnemba (wengine huiita akili unde, na ugomvi huo wa istilahi uachiwe wenye muda) utakaofika mwaka 2030, na data ni mojawapo ya nguzo zake tatu.

Hata hivyo, mashine hujua alichopewa na binadamu. Ikiwa hakuna aliyerekodi jinsi mwanamke wa Nyakach anavyoutaja mto unaojaa, unaopungua na unaonuka, programu itatafsiri ripoti ya mradi kwa Dholuo cha Biblia na cha taarifa ya habari, na msikilizaji atatambua mara moja kuwa haongei na jirani. Isitoshe, Kikipsigis hakimo katika hazina hiyo ya Kencorpus. Chombo kitakachotumika Sondu kikiwa na lugha ya upande mmoja wa daraja na kukosa ya upande wa pili, kitaongeza kutoaminiana badala ya kukupunguza.

Kazi hii haihitaji wizara. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika chuo chochote cha magharibi mwa Kenya kina wanachama waliozaliwa pande zote mbili za mto huo, wenye simu za kurekodi na likizo ndefu. Wanaweza kuanza na wazee wanaoikumbuka Odino kabla ya handaki. Sauti zihifadhiwe kwa Dholuo, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na nakala ipelekwe makumbusho ya Kisumu pamoja na shule za Nyakach. Wenzao wa Kericho wafanye vivyo hivyo kwa vijito vya juu. Wengine wachukue ripoti moja tu ya mradi, wautafsiri muhtasari wake kwa Kiswahili kinachosomeka, kisha wausome kwa sauti siku ya soko na kunakili maswali yatakayoulizwa. Tasnifu za shahada zimeandikwa juu ya mambo yenye uzito mdogo kuliko hayo.

Muda wenyewe si mwingi. Juu zaidi ya mto huohuo, bwawa la Magwagwa limekuwa katika mipango ya serikali kwa miongo kadhaa. Hilo, tofauti na handaki la Nyakach, litakuwa bwawa hasa, lenye maji ya kufunika mashamba. Litakapofika zamu yake, ripoti italetwa, mkutano utaitishwa, na afisa atasimama kutafuta mtu wa kumtafsiria.